Redio ya Bagalwa Kiwandani Champlin

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni na mlio barabarani, hebu ongezeni sauti kidogo. Leo namkumbuka Bagalwa, aliyetutoka Jumanne akiwa na miaka sitini na mmoja. Bagalwa wa Bukavu. Fundi redio. Mimi nakula kwa redio, sasa nitaachaje kumsifu?

Kwenye kambi ya wakimbizi alitengeneza redio za watu miaka kumi na minne. Alipohamia huku kwetu alipata kazi katika kiwanda kimoja mjini Champlin, kuunganisha kifaa kidogo cha hospitali. Kinapitisha umeme mdogo kwenye sindano. Daktari anaona misuli ikiruka, anasoma namba, anajua amekaribia mshipa wa fahamu. Hapo anaweka dawa ya ganzi. Mkono unalala, mgonjwa yuko macho.

Mwaka juzi mkewe, Euphrasie, alianguka kwenye barafu akavunjika bega la kulia. Mapafu yake ni dhaifu. Madaktari hawakuthubutu kumlaza usingizi ili wampasue, kwa hiyo njia iliyobaki ilikuwa sindano ile. Siku zilezile Bagalwa akaona namba za vifaa vipya zinacheza. Zinaruka, kisha zinatulia. Wahandisi walipima, hawakuona kitu.

Fundi wa kambini hana mashine za kupimia, ana sikio. Bagalwa akaingia kazini na redio ya betri mbili, akaiweka pasipo na stesheni, akaipitisha juu ya kifaa, maana redio hunguruma palipo na umeme unaovuruga. Kiwandani redio ni marufuku. Akapewa onyo la maandishi. Kesho yake akaja nayo tena.

Msimamizi wake, Velma, Mkenya, aliniambia: "Sitakudanganya, nilikuwa naenda kum-fire. Akaniambia, 'Mama, sikia kwanza, kisha unifukuze.' Aka-dim ile screen. Redio ikaanza kunguruma, kwa kona moja tu ya board."

Kwenye kona ile ya kibao cha nyaya ndani ya kifaa, wasikilizaji, njia mbili za shaba zilipita karibu mno. Ya umeme wa skrini ilikuwa inachafua ya kipimo. Vifaa mia mbili vilikuwa tayari kupakiwa, vikazuiwa. Mia mbili!

Wiki tano baadaye Euphrasie alipasuliwa, kwa kifaa cha kiwanda kilekile, kikiwa kimerekebishwa. Anasema: "Nilikuwa naongea na docteur. Nikamuuliza, unaanza saa ngapi? Akanijibu, mama, nimeisha maliza."

Mama Euphrasie, wewe na watoto, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Na wewe unayenisikiliza, uliyeona kasoro kazini ukaogopa onyo, mfikirie mzee huyu aliyerudi na redio siku ya pili.

Mazishi ni kesho saa tano asubuhi, mjini Saint Paul. Euphrasie ameomba asishikwe kwapa wakati wa kutia udongo. Atautia mwenyewe, kwa mkono wa kulia.