Sekunde Hamsini za Papa Kizito

Jumamosi tarehe 12 Oktoba 1991, wimbo wa kwanza wa bandi Mawe Matatu ulifutwa hapa kwetu redioni. Leo, tarehe 31, Papa Kizito Mulunda, fundi wa sauti aliyeurekodi, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba. Nilipewa ukurasa huu niusome mbele yenu, nimusifu. Siwezi kumusifu nikiruka hilo.

Alianza kwa kubeba nyaya. Shule yake njo ile ile yangu, mimi fundi mwenzake: kufungua mashine mbovu na kuifunga ikiwa nzima. Ni muntu wa kufupisha. Umusalimie kwa nyumbani, kwa kazi na kwa afya, anajibu "Nzuri" moja kwa yote.

Mawe Matatu ni bandi ya roki, gitaa kali. Wimbo wa kutangulia kaseti yao, "Matanga ya Huzuni", Papa aliutia sintetiza na mudundo wa dansi. Vijana wakamucheka: "Papa, hii ni roki ao ni harusi?" Lakini Mama Hortense, muuza samaki ndagala wa bandarini, alipousikia kwenye dirisha la studio aliweka beseni chini, akacheza. "Matanga kama haya njo ninataka yangu!" Aliyeimba ni Angélique, binti wa Papa Kizito. Tulimuzika mwezi wa nane.

Juu ya boksi ya bande, ule utepe wa kurekodia, Papa alifupisha jina la wimbo: "Matanga". Na kwetu bande ya matanga ni ya matangazo ya vifo; marehemu akishazikwa, inarekodiwa upya. Papa akiwa kongé, likizoni, Direkta wa redio akaamuru itumike kwa matangazo mapya. Bila kuisikiliza. Nakala hakuna; kaseti yenyewe ilikuwa haijatoka. Tangu hapo Papa hafupishi tena jina juu ya boksi.

Mimi nilipima. Wimbo ulikuwa dakika nne. Matangazo yamekula dakika tatu na sekunde kumi. Mwishoni zimebaki sekunde hamsini: Angélique na mudundo wa baba yake. Jumamosi hii bande inarekodiwa tena, mpaka mwisho.

Asante, Papa, kwa kila sauti uliyotusafishia. Kongolo, kwenu unakorudi kupumzika, ikupokee vizuri, na usingizi wa huko uwe mutamu.

Bwana Direkta, umekaa mustari wa mbele. Unasema bande ni mali ya redio, sawa. Unamupa, ao haumupi? Papa atarudisha ufunguo wa studio leo saa kumi. Jibu lije mbele ya saa kumi, na liwe fupi kama majibu yake.