Mpiga Gitaa Asiyejulikana: Historia ya Ruphin Mugisho

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, mama Agnès mjane wetu, na ninyi wote mliotoka Yeoville, Observatory, Soweto na mjini kuja kutusindikiza, kwenye karatasi mliyopewa mlangoni imeandikwa historia ya marehemu Théodore Bisimwa, aliyezaliwa mwaka 1984, nami nawaomba muikunje muiweke mfukoni, kwa sababu Théodore alikufa karibu miaka kumi na minane iliyopita na kaburi lake liko Bukavu. Aliyelala katika jeneza hili anaitwa Ruphin Mugisho. Mimi François Bisimwa, niliyepewa na familia kazi ya kusoma, ndiye niliyeandika karatasi hiyo, kama nilivyoandika nyingine kabla yake, na leo asubuhi nilipovaa viatu niliona siwezi kuisoma.

Ruphin Mugisho alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 12 Agosti 1980, huko Kadutu, mjini Bukavu, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu baba Déogratias na mama Léocadie, ambaye yuko hai hadi leo, naye ni mama yangu mdogo, tumbo moja na mama aliyenizaa. Desturi yetu mnaijua, mtoto wa mama mdogo ni ndugu, hakuna jina jingine la kumpa, tulikula sahani moja na kuchapwa kwa fimbo moja, mimi, yeye, na Théodore mdogo wangu. Naitaja desturi hiyo mapema kwa sababu ndiyo iliyonifanya nidhani kwamba uongo wangu haukuwa uongo.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kadutu kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, akaendelea na sekondari katika ushonaji, vita vikamkatiza mara mbili, akarudi mara mbili, na mwaka 1999 akapata diploma yake, huku jioni akijifunza gitaa kwenye kwaya ya parokia. Tangu mwaka 2000 alishona katika soko la Kadutu, suruali za wanafunzi na kanzu za mapadri, mpaka tarehe 3 Machi 2008 alipoondoka Bukavu akiwa na mfuko mmoja na mkasi wa baba yake, akafika Johannesburg tarehe 21 Aprili, akiwa amekonda hivi kwamba nilimpita kituoni bila kumtambua.

Wiki tatu baadaye wageni walianza kufukuzwa na kuchomewa nyumba, wakubwa mnaikumbuka Mei ile, mtu asiye na karatasi alikuwa kama kuku nje ya banda. Mimi nilikuwa hapa tangu mwaka 2005, na kwenye faili langu la kuomba hifadhi nilikuwa nimemwandikisha Théodore kuwa mdogo wangu atakayenifuata, lakini Théodore hakunifuata, malaria ilimchukua tarehe 9 Septemba 2007, na sikwenda kumfuta. Basi siku ya Alhamisi, tarehe 29 Mei 2008, nilimshika Ruphin mkono tukaenda ofisini, afisa akauliza huyu ni nani, nikajibu ni ndugu yangu Théodore, Ruphin akaniangalia, kisha akaweka kidole gumba kwenye wino. Nilimwambia ni kwa miezi michache tu. Imekuwa miaka kumi na saba.

Kwa jina hilo alipata kazi katika karakana ya kushona kwenye ghorofa ya tatu ya jengo moja la zamani mjini, na kwa jina hilo alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 18 Desemba 2010, na dada yetu Agnès, msusi kutoka Uvira, kwa sababu cheti cha ndoa kilipaswa kufanana na karatasi ya hifadhi, hivyo Agnès alikula kiapo cha kumpenda marehemu mbele ya mtu aliye hai, na wote tuliopiga vigelegele tulijua. Mungu aliwapa mtoto mmoja, Héritière, aliyezaliwa hapa Johannesburg tarehe 2 Novemba 2011, ambaye Kiswahili anakisikia chote na kukujibu kwa Kiingereza, na ambaye jina lake la ukoo ni Bisimwa, langu, si la babake.

Sasa nifike kwenye gitaa. Mama Léocadie alikuwa na wimbo mdogo usio na maneno, aliuimba akichekecha unga wa muhogo, na Ruphin aliugeuza kuwa wa gitaa, na tarehe 14 Agosti 2019, saa ya chakula cha mchana, aliurekodi kwa simu akiwa kando ya cherehani, akauweka kwenye duka moja la mtandaoni ambako wapigaji wa dunia nzima huacha vipande vyao ili watunzi wengine wavichukue na kumtaja mwenyewe. Aliuweka kwa jina la Ruphin Mugisho. Nilipomuuliza kwa nini asitumie lile la kwenye karatasi, alinijibu kwamba Théodore hakujua kupiga gitaa.

Miaka karibu minne ikapita. Héritière, wengi wenu mnamjua, alikuwa amependa nyimbo za Kijapani tangu ana miaka tisa, na kila Jumatano alifuatilia orodha ya nyimbo zilizonunuliwa na kupakuliwa zaidi huko Japani, ambako watu bado wanalipia wimbo mmoja mmoja kwenye simu na kila wiki zinahesabiwa, akaandika kumi za kwanza kwa kalamu ya rangi na kubandika kwenye ukuta wa karakana karibu na cherehani ya babake, sisi tukimcheka. Jumamosi, tarehe 18 Machi 2023, alimchezea babake wimbo uliokuwa wa kwanza wiki hiyo, msichana anaimba kuhusu mwavuli aliousahau kwenye treni, na chini ya sauti yake kuna gitaa. Ruphin alisimamisha cherehani. Akamwomba arudie, akarudia, na mwishoni mwa ubeti wa pili karakana nzima ikasikia, ndani ya wimbo, cherehani ya jirani ikinyamaza na mkasi ukianguka sakafuni, mkasi wa baba Déogratias, ulioanguka siku ile ya mwaka 2019 na ambao Ruphin hakujua namna ya kuuondoa kwenye rekodi.

Wimbo ule ulikaa nambari moja kwa wiki tatu. Karakana nzima ilimpa jina la Tokyo, na Bakiri, fundi mwenzake kutoka Tanga ambaye amekaa pale nyuma, alikuwa akimwambia kila asubuhi, "Bwana Tokyo, ukipanda ndege usitusahau sisi wa kufunga vifungo." Nilikwenda kusikiliza mwenyewe, nikausikia mkasi, kwa hiyo asije mtu akasema kwamba nilikuwa na shaka.

Héritière aliiandikia kampuni iliyotoa wimbo, nao, lazima niseme haki, walijibu vizuri, tarehe 6 Mei 2023, kwamba walimtafuta mpiga gitaa huyo bila kumpata, kwamba ule mkasi waliuacha kwa makusudi kwa sababu waliupenda, na kwamba jina la Ruphin Mugisho lingeandikwa kwenye orodha ya waliotengeneza wimbo mara tu atakapowatumia kitambulisho chenye jina hilo, kabla ya tarehe 31 Julai. Kitambulisho chenye jina hilo hakikuwepo. Kilichohitajika ni hati ya kiapo kutoka kwangu, niseme mbele ya polisi kwamba Théodore huyu ni Ruphin na kwamba mimi ndiye niliyembadilisha.

Alikuja kwangu Observatory siku ya Jumapili, tarehe 16 Julai 2023, baada ya ibada, amevaa koti alilolishona mwenyewe, hakukaa. Aliniambia, na ninyi msio wa Bukavu mjue kwamba yaya kwetu ni kaka, makuta ni pesa na mbele ni kabla, "Yaya, sitake makuta yabo, nataka tu baandike jina yangu, mama aisikie mbele akufe." Nami nilikuwa nimepata ukaazi wa kudumu kupitia faili lile lile, na watoto wangu wanne wamo humo, nikaogopa kwamba uzi mmoja ukivutwa nguo yote itafumuka, nikamjibu maneno ambayo nitayasoma kama nilivyoyasema, kwamba wimbo ni wimbo tu, mwaka ujao hakuna atakayeukumbuka, na kwamba jina nililompa ndilo lililomlisha. Hakunijibu kwa hasira, ningeshukuru kama angenitukana. Alisema, "Sawa, yaya," akafunga vifungo vya koti vyote vitatu, akaenda.

Tarehe 31 Julai ikapita. Kampuni iliandika tena kwa masikitiko, na kwenye ile orodha, nenda leo utaona mwimbaji ana jina, mpiga ngoma ana jina, hata aliyepika chakula cha studio ana jina, na penye gitaa pameandikwa kwamba hajulikani. Mwaka ulipoisha wimbo ulitajwa kuwa wa nne kwa kupakuliwa nchini mwao, Héritière hakuubandika ukutani, na Ruphin hakulishika tena gitaa lake, nalo liko nyumbani kwao nyuma ya mlango, halina nyuzi mbili.

Mwezi Februari 2024 miguu yake ilianza kuvimba, akapimwa, ikaonekana figo zote mbili zimechoka kwa sababu ya presha ya siku nyingi. Aliendelea kushona akiwa ameweka miguu kwenye ndoo iliyogeuzwa, mpaka Jumatatu, tarehe 19 Mei 2025, alipolazwa. Siku zake za mwisho wauguzi walimwita kwa upole, Théodore, Théodore, na hakufungua macho, wakaandika kwenye chati kwamba hasikii tena, ndipo Agnès akainama akamwita Ruphin, akafungua macho, akamtafuta aliyemwita. Nilikuwa nimesimama pale kwenye miguu ya kitanda. Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 5 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na minne, ingawa karatasi zinasema vingine.

Tulitaka kumpeleka kwa mama Léocadie, lakini mwili husafiri kwa jina la kwenye karatasi, na kule hakuna mama wa kumpokea Théodore Bisimwa, mama yake na yangu alishakufa. Kwa hiyo Jumatatu iliyopita, tarehe 9 Juni, nilikwenda kituo cha polisi nikaapa kila kitu nilichokataa kuapa miaka miwili iliyopita, afisa akasoma, akasema, "Eish, baba," akapiga muhuri, kazi ya dakika kumi na moja, niliangalia saa ya ukutani. Nilipeleka hati ile kwenye ofisi ya vyeti, wakanieleza kwamba jina la marehemu haliwezi kubadilishwa kabla faili halijachunguzwa, nayo ni miezi mingi, na chumba cha maiti hakingoji miezi. Héritière aliituma Japani, wakajibu siku ya Alhamisi, kwa pole nyingi, kwamba sasa inahitajika saini ya mwenye gitaa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe ndicho hiki, kimenifichua, lakini Ruphin hakimsaidii kitu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na hasa yule muuguzi ambaye siku mbili za mwisho alifuta jina kwenye kibao cha kitanda na kuandika lile alilotajiwa na Agnès. Nawashukuru majirani wa Yeoville walioleta maturubai, sufuria na unga, akina mama wasusi waliofunga saluni zao, na mafundi wa karakana, Bakiri na wenzake, walioshona suti aliyovaa, na ndani ya koti, upande wa moyo, wakadarizi jina lake kwa uzi mweusi, ndiyo sehemu pekee lilipoandikwa leo. Agnès na Héritière siwashukuru, nawaomba msamaha, na sitegemei jibu.

Mama Léocadie, unayetusikiliza kwa simu kutoka Kadutu, simu iko hapa mkononi mwa Agnès, uliniuliza jana kama mwanao wameshamwandika, nikakwambia bado, na ukweli ni kwamba msalaba tunaokwenda kuusimamisha umeandikwa Théodore Bisimwa, serikali haikukubali mwingine, hivyo mwana wa dada yako ana makaburi mawili, na wako hana hata moja.

Tukifika pale kaburini Héritière atacheza ule wimbo, nawasihi msiimbe juu yake, ngojeni mwisho wa ubeti wa pili, mtasikia cherehani inanyamaza na mkasi unaanguka, huyo ndiye yeye, basi hapo kila mmoja wenu atupe udongo na alitamke jina lake kwa sauti. Mimi nitalitamka wa mwisho, maana nilichelewa. Pumzika, Ruphin Mugisho, na amani niliyokunyima uipate kwa mwingine.