Mbaruku Muharami Adamu, Aliyefariki Oktoba na Siyo Machi

Ndugu, jirani na wote mliokuja kumsitiri mwenzetu, huyu tunayemzika ni Mbaruku, mtoto wa pili wa Mzee Muharami Adamu na Bi Zuwena. Alizaliwa Dunda, hapa hapa Bagamoyo, tarehe 14 Agosti 1963.

Alianza chuoni, akahitimu Kurani, kisha akasoma shule ya msingi hapa mjini na sekondari Dar es Salaam, mpaka kidato cha nne mwaka 1982. Hesabu alizipenda kuliko chakula, na chakula alikipenda sana.

Mwaka 1985 aliajiriwa karani wa stoo katika kampuni ya vifaa vya ujenzi ya Mzee Dinesh. Kompyuta ilipoletwa mwaka 1996 wenzake waliifunika kitambaa, wakaiogopa. Yeye aliifunua. Alijifunza vitabuni, akaandika mwenyewe programu ya stoo, mauzo na mishahara, na kampuni ikala kwa programu hiyo miaka yote. Mwaka jana wakaamua kuhamishia kila kitu kwenye mfumo mpya wa kisasa, wakamleta Zishan na vijana wake kutoka Dar. Marehemu hakununa. Aliwaonyesha kila kitu kimekaa wapi, bila choyo.

Alimwoa Bi Wahida wa Zinga tarehe 6 Septemba 1991, na Mungu akawajalia Adamu na Nadhira.

Sasa tuseme la Machi, maana nusu yenu msiba huu mmeshaulia mara moja. Vijana wale, katika kuhamisha majina ya wafanyakazi, walitaka kujaribu sehemu ya mfanyakazi aliyefariki. Wakachukua jina la Mbaruku, eti ndilo la kwanza kwenye orodha. Walidhani wanachezea nakala, kumbe ni mfumo wenyewe. Tarehe 11 Machi 2024 wafanyakazi na wateja wote wakapata ujumbe wa simu kwamba Mbaruku hatunaye. Shemeji yake Mrisho alitoka Zinga na mikeka, analia, akamkuta barazani anakula muhogo.

“We Mbaruku! Si umekufa?”

“Nife, muhogo huu nimwachie nani? Kaa, ule.”

Yeye alicheka. Dada yake, Bi Mize, hakucheka. Alikwenda ofisini.

“Shikamoo, bibi. Yalikuwa majaribio tu,” alisema Zishan.

“Marahaba. Mbona hukujaribu kwa jina la baba yako?”

Akajibiwa kwamba mfumo mpya hauna njia ya kumrudisha mtu akishaandikwa marehemu, asubiri marekebisho. Programu ya Mbaruku njia hiyo ilikuwa nayo.

Julai figo zikaanza kumsumbua. Kadi ya bima ya kampuni ikakataa: mwenye kadi amefariki. Mtu yuko kitandani anahema, anaambiwa hayupo! Jamaa walichanga, akatibiwa. Na hapo dripu iko mkononi, vijana wale wanampigia simu kumuuliza mambo ya programu yake, naye anawajibu. Hata chungwa hawakumletea. Marekebisho hayakuja. Alifariki jana, Jumatano tarehe 2 Oktoba 2024, alfajiri, nyumbani kwake, Bi Wahida amemshika mkono.

Leo asubuhi, maiti hajaoshwa, Zishan amefika na barua ya rambirambi ya kampuni. Imeandikwa amefariki 11 Machi. Akaomba na wasifu huu useme hivyo hivyo.

“Ni tarehe tu, bibi. Karatasi zisigongane, msije mkasumbuka.”

“Tarehe 17 Mei nani alimwozesha Nadhira?” aliuliza Bi Mize. “Alikaa mbele ya sheikh, akampa mkono bwana harusi, Mtoro, akasema nimekuoza binti yangu. Maiti anaozesha?”

Zishan akainamia simu yake.

Barua ile imerudishwa. Ndoa ya Nadhira ni halali, walii wake, yaani baba yake, alikuwa hai, na pilau mlikula ninyi mliosimama hapa. Anayesema Machi anasema mtoto wetu hana ndoa, na huyo asitie udongo kwenye kaburi hili.

Marehemu ameacha mjane, Bi Wahida. Watoto wake, Adamu na Nadhira. Mkwewe Mtoro, aliyemwoza yeye mwenyewe. Na dada yake, Bi Mize. Mwenyezi Mungu amsamehe, amtilie nuru kaburini, ampumzishe salama kuanzia jana. Amina.