Mama Sharifu Alivyojifunza Kumwaga Maji

Baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi katika hosteli yetu hapa Masasi, Bi. Rahima Yassini, ambaye sote tunamwita Mama Sharifu, anastaafu tarehe 30 Juni 2025.

Aliajiriwa mwaka 2003 kufanya usafi. Bwawa la kuogelea lilipokamilika, uongozi ulisema halitafunguliwa mpaka apatikane mwokoaji mwenye cheti. Mama Sharifu akaomba apelekwe kozi Mtwara. Sisi Wamakua, watani zake, tulimuuliza anakwenda kuogelea au kuchota. Kwao ni Mkunya, Newala, ambako enzi hizo maji yalifuatwa bondeni na kupandishwa kichwani, na mtoto aliyeyamwaga alikiona cha mtema kuni.

Alijifunza kwa bidii kuogelea, kumvuta mtu akiwa chali, kukandamiza kifua na kupuliza pumzi. Kwenye mtihani akafeli. Mtu alipojifanya anazama, Mama Sharifu alishuka kwa ngazi, taratibu, maji yasimwagike nje. Mkufunzi wake, Bwana Ladislaus, alimwita pembeni.

"Mama, maji yataongezwa. Mtu haongezwi."

Siku hiyo alilia, maana huku nyumbani uongozi ulishaanza kuulizia mtu wa pwani wa kuchukua nafasi yake. Akaomba arudie mtihani. Wiki nzima kazi yake ikawa kuruka tu, mpaka wenzake wakakimbiza taulo zao. Akafaulu, na bwawa likafunguliwa.

Tangu hapo hakuna aliyemzoea. Anayekimbia ukingoni hukalishwa chini. Mabwana wanaojisifu kwamba wanaogelea kama kambare hupimwa kwanza upande wa kina kifupi, na wengi huishia hapohapo.

Mimi Marko, mpishi, nina langu la kusema. Mwaka 2017 binti yangu Julia aliteleza akaingia kwenye kina kirefu. Nilikuwa nimeinama namvua viatu mdogo wake, na sikusikia kelele yoyote, kwa sababu anayezama hapigi kelele. Nilichosikia ni kishindo. Mama Sharifu alikuwa amesharuka, na kandambili zake na kanga kiunoni, na maji yakanilowesha mimi niliyekuwa mbali. Alipomtoa Julia, nilimkumbatia, sikumwachia mpaka jioni. Mama Sharifu alibadili nguo akarudi kwenye kiti chake.

Asante, Mama Sharifu. Wafanyakazi wote tunakuombea afya, mikorosho izae, na mapumziko uliyoyatolea jasho.

Julia sasa yuko kidato cha kwanza. Amenikataza kabisa kuandika jina lake hapa. Nimeliandika kwa furaha, maana yupo wa kunikataza.