Citoyenne Mbombo Hakujibu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na weye mwenye jino inakuluma leo, sifu pole pole, Bwana anasikia.

Mi Mama Kalala. Munanijua, mdomo yangu haipumuzikake. Lakini mwaka ile serikali ilikataza majina ya ubatizo, na kila mama akaitwa citoyenne, ni kusema mwananchi, jino ya nyuma ilinifunga mdomo. Ilianza siku ya Mungu, Jumapili, na daktari wa meno alikuwa anakuja kwa hospitali siku ya ine tu, Alhamisi!

Sikukaa. Nilizunguka nyumba yetu ya Dilala sawa kuku anatafuta pa kutagia. Jirani akasema, ponda aspirini, bandika kwa ufizi. Nikabandika. Ee Mungu! Ufizi ikaungua, ikakuwa mweupe, sasa nikakuwa na maumivu mbili. Bwana yangu naye akaleta asidi ya batri kutoka kazi.

"Batu ba kazi banasema inaua jino."

"Inaua jino ao inaua bibi yako? Imwange inje!"

Nikalia kwa kasirani.

Ndugu zangu, Mungu akamuleta yaya yangu, dada mukubwa, na treni ya Tenke. Akasema aspirini inamezwa na maji, haibandikwe. Akanipa maji ya vuguvugu na chumvi nisukutue, niteme. Akaniwekea kitambaa ya baridi kwa shavu. Kwa muchuuzi Muislamu wa soko akanunua karafuu, nikaiuma pole pole. Maumivu ikalegea, haikuisha.

"Hii ni ya kungojea tu," alisema. "Hata inyamaze, siku ya ine unaenda. Na uso ikivimba, ao ukishindwa kumeza, hatungojee siku yoyote."

Siku ya ine nikafika wa kwanza, nikatoa kitambulisho yangu mupya ya serikali, infirmiye, ule muuguzi, akaandika jina kwa fishi, karatasi ya mugonjwa. Nikakaa, nikasimama, nikakaa. Infirmiye akatoka na fishi: "Citoyenne Mbombo!" Akaita tena: "Mbombo!" Nikaangalia batu. Nikachukia huyu mama anatuchelewesha, nikasema kwa sauti, "Huyu ni kiziwi?" Mi nilikuwa nangojea Roza, jina yangu ya ubatizo. Fishi ikawekwa chini ya zingine zote, batu bakaingia, bakatoka, saa sita inakaribia, na daktari akienda ni juma nzima tena!

Nikaomba: Bwana, umenisahau? Palepale nikasikia ndani yangu sauti ya nkambo wangu, muzazi wa mama yangu, yeye peke yake alikuwa ananiita vile nikiwa mutoto: Mbombo. Maskini, ni mie! Ni jina ile serikali iliandika kwa kitambulisho.

"Mbombo ni mie!" Nikapiga kelele, nikakimbia mpaka mulangoni. Batu bote bakacheka. Infirmiye akauliza, "Mama, masikio nayo inaluma?" Lakini nikaingia. Jino ikatoka na usaha yake yote, nikapona. Asante Yesu!

Ndugu zangu, Roza aliomba, na alikuwa ameitwa zamani. Mi niliangalia bengine, nikabatukana. Bwana anaweza kukuita kwa jina ile hauitumie tena, ile ya nyumba yenu, ile ya haya yako. Usiangalie wa pembeni. Ni weye. Simama.