Kamera Imesema Ninaegemea Kushoto

Benchi letu limeegemezwa kwenye ukuta wa kinyozi, pale njia mbili zinapokutana na kila mpita njia lazima atusalimie au atukwepe. Linatosha watu wanne na lina tabia yake. Ukiweka kikombe cha kahawa upande mmoja, kinateremka chenyewe taratibu mpaka upande wa pili. Kwa hiyo tuna sheria: anayekaa mwisho wa chini anaitwa kipa, na kazi yake ni kudaka vikombe. Mwaka wa tisa huu. Kahawa ikimwagika, analaumiwa kipa. Mimi ni seremala, wananiita Fundi, na ninaomba msiniulize lolote kuhusu benchi mpaka nimalize kusimulia.

Jumatatu hiyo nilifika mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika karatasi. Mgongo ulinianza mwanzoni mwa mwaka. Nikipiga randa dakika kumi tu, lazima nisimame nijinyooshe huku naguna. Mama watoto alichoka kunikanda, akanisukuma mpaka kliniki moja wanakopima mgongo kwa kamera. Nirudi Alhamisi, niambiwe kama nitaendelea kubeba mbao au niachane nazo. Kazi hii niliianza kabla sijaota ndevu, nyingine siijui, na nilikuwa naogopa. Lakini kijiweni hufiki ukasema unaogopa. Unafika na karatasi.

— Kamera ya nini sasa, na mgongo uko nyuma? aliuliza Breki. Huyu ni dereva wa lori mstaafu. Gari likipita kasi, mguu wake wa kulia bado unakanyaga chini.

— Wanakugeuza, nikamjibu. Unainama, unanyooka, unakaa kwenye stuli unainuka mara tano. Kamera inakutazama, kompyuta inakuchora vijiti. Kijiti cha bega, kijiti cha nyonga, kijiti cha goti.

— Walikuvua shati?

— Nilibaki na fulana.

— Fulana ipi? akadakia Mama Kahawa, anayetuuzia kahawa na anayekuja na stuli yake kutoka nyumbani, maana anasema benchi letu halimtaki.

— Ile.

— Ile yenye matundu?

— Matundu yako mgongoni tu. Na mgongo ndio waliotaka kuuona.

Nikawasimulia aibu yangu yote, maana ingetoka tu. Binti wa kliniki aliniambia niiname kama ninavyoinama kazini. Mimi nikiona kamera nakumbuka picha za harusi. Niliinama kwa adabu, mikono imenyooka, kama mtu anayepokea cheti. Binti akasema, “Baba, inama kawaida tu, na si lazima utabasamu.”

Mwalimu, aliyefundisha jiografia miaka thelathini na hajawahi kupingwa akanyamaza, alivaa miwani akaichukua karatasi. Palichorwa mtu wa vijiti.

— Huyu ni wewe?

— Ni mimi nikiinuka kwenye stuli.

— Umekonda sana.

— Soma, Mwalimu.

Akasoma kwa sauti ya darasani: “Anapoinuka anaegemea kushoto, mara zote tano. Nguvu za miguu ziko sawa. Aulizwe anakaa wapi kwa muda mrefu.”

— Na alikuuliza? akataka kujua Breki.

— Aliniuliza.

— Ukamwambiaje?

— Nikamwambia mtu wa kazi hakai.

Walitikisa vichwa, wakakubali kwamba jibu lilikuwa zuri. Hapo tulikuwa tumeshakaa saa mbili.

— Mimi naona hivi, alianza Breki. Lori likivuta kushoto, shida iko kwenye tairi za mbele. Unazibadilisha, ya kulia unaipeleka kushoto. Vua viatu.

Nilivua, nikavivaa kinyume. Sioni sababu ya kuficha.

— Unajisikiaje?

— Vidole vinabana.

— Ndiyo dawa inaingia. Samaki mkunje angali mbichi, Fundi.

— Samaki anaingiaje hapa? aliuliza Mwalimu. Tatizo ni moyo. Moyo uko kushoto. Mtu akificha siri, moyo unakuwa mzito, unamvuta. Una siri gani, Fundi?

— Sina, nikasema, nikainua kikombe changu kabla hakijateremka.

— Siri ya nini, alisema Mama Kahawa. Huyu kitandani anamkwepa mkewe, ndiyo maana anaelemea upande mmoja.

— Mke wangu ndiye analala kushoto, nikajitetea.

— Basi unamfuata. Hata huko kuna kuchoka.

Walicheka mpaka kinyozi akachungulia. Mwalimu peke yake hakucheka. Alivua miwani, na akivua miwani ujue sasa anasema kwa niaba ya ulimwengu mzima.

— Sikilizeni. Dunia yenyewe imeinama kwenye mhimili wake. Hili nimelifundisha miaka thelathini. Basi mtu aliyeinama yuko sawa na dunia. Walionyooka ndio wagonjwa.

— Sasa kwa nini mgongo unamuuma yeye, si wao? akauliza Breki.

— Kwa sababu asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu, Mwalimu. Yeye ni mgongo.

— Unaanzia guuni.

Ndipo Breki akatoa simu yake, akaiegemeza kwenye birika, akatangaza kwamba kamera ni kamera, ya kliniki haina la zaidi. Kila mtu akae kwenye benchi, ainuke mara tano, tumalize ubishi. Akaanza Mwalimu, akafuata Breki mwenyewe, nikamalizia mimi na viatu vyangu kinyume. Tukakusanya vichwa kutazama.

Mwalimu aliegemea kushoto. Breki, ambaye ndiye kipa, aliegemea kushoto zaidi. Mimi mnanijua. Mama Kahawa tukamrekodi akiinuka kwenye stuli yake, akapanda wima kama mlingoti.

Breki akarudisha kichwa chake nyuma, mbali na changu.

— Ugonjwa huu unaambukiza, alisema Breki kwa sauti ya chini.

— Na Mama Kahawa je? aliuliza Mwalimu.

— Mvuke wa kahawa unamkinga. Sisi tunakunywa, yeye anavuta.

— Tuandike barua kwa wakubwa, alisema Mwalimu. Mtaa ufungwe mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Alipokuwa akisema hivyo, kikombe chake kilipita mbele yangu kikielekea chini. Breki akakidaka bila kutazama.

Nilicheka pamoja nao, lakini nilikuwa nimeshaona. Kwenye ile video, nyuma yetu, mistari ya matofali ya ukuta imelala sawasawa, na mbele yake benchi linateremka kwenda kushoto kwetu. Miguu mitatu ya benchi niliipima vizuri. Wa nne niliukata huku nasimulia hadithi, nikasema kesho nitaweka kabari. Ile kesho ina miaka tisa sasa. Nikanyamaza. Heshima ya fundi ni kitu kidogo, lakini mimi ndiyo niliyokuwa nayo.

Akaja mama mmoja ambaye hatumjui, ana mkoba mzito, mumewe yuko ndani ananyolewa. Akaomba akae kidogo. Tukamsogezea nafasi upande wa juu, kwa heshima ya mgeni. Akakaa, akaanza kuja polepole kuelekea kwetu, mpaka bega lake likakutana na la Mwalimu. Akaomba radhi, akarudi juu. Akaja tena. Mara ya tatu akainuka, akainama vizuri kabisa kutoka kwenye nyonga, akachungulia chini ya benchi.

— Samahani wazee wangu, akauliza. Mtaa huu hauna seremala?

Mguu wa kulia wa Breki ulikanyaga chini. Mwalimu, aliyetoka kueleza mhimili wa dunia, akaanza kufuta miwani. Mama Kahawa akainamisha birika, halikutoa hata tone. Wote watatu walinitazama bila kugeuza shingo.

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Na chini ya aibu hiyo kulikuwa na furaha, maana kama ni benchi, basi huenda Alhamisi sitaambiwa niiache randa. Nitamwambia yule binti ninakokaa. Nitamwambia hata saa ngapi. Niliinuka, nikashika njia ya karakana kufuata msumeno na kipande cha mbao, kiatu cha kulia mguu wa kushoto, wala sikusimama kuvibadilisha.

Nikamsikia yule mama nyuma yangu:

— Na mzee huyu anakwenda wapi?

— Anakwenda kumtafuta seremala, alisema Breki.

— Atampata?

— Tuombe, alisema Mwalimu. Mwaka wa tisa huu tunamsubiri.