Aliyemshuku Kila Mtu Isipokuwa Mbwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwatunza mbwa wa kampuni yetu ya ulinzi, mtunza mabanda mkuu anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Wengi wetu tulimkuta kazini, na wengi tulipoajiriwa yeye ndiye aliyetutazama kwanza, kuanzia viatu hadi macho, kana kwamba tumekuja kuiba.

Sisi tunamwita Bi Shaka, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Kiroba cha chakula cha mbwa kikiletwa, alikifungua, akanusa, akatia kidole mdomoni, ndipo akakubali kutia sahihi. Daktari wa mifugo akija na sindano, aliulizwa dawa imetoka wapi, imekaa wapi njiani, na kwa nini leo amevaa miwani. Mumewe, fundi cherehani mwenye maneno machache na kicheko kirefu, anasema siku ya posa yao Bi Shaka aliuliza maswali mengi kuliko wazee wa pande zote mbili wakijumlishwa pamoja.

Tulimcheka, lakini mbwa hawakumcheka. Alipoanza kazi, mbwa walichapwa ili wawe wakali, na aliyezeeka alitolewa kwa mlango wa nyuma wala hakuna aliyeuliza alikopelekwa. Bi Shaka aliuliza. Aliuliza mpaka fimbo zikaondoka mabandani, na mbwa wazee wakaanza kutafutiwa nyumba za kuishi. Kauli yake ilikuwa moja: aliyekulinda hatupwi.

Hata hivyo, kisa ambacho hatuwezi kukiacha ni cha Kishindo na Kimya. Kishindo alikuwa mbwa, jike kubwa lenye masikio yaliyosimama. Kimya alikuwa mlinzi mgeni, baba wa watoto watatu, mtu ambaye salamu yake ilimtoka kwa shida. Wawili hao walipangiwa lindo la mwisho wa wiki kwenye ghala la mteja wetu mkubwa, nje kidogo ya mji.

Kila Jumatatu Kishindo alirudi amekonda, pua imekauka na kupasuka, ulimi mzito. Bi Shaka hakuhitaji kufikiri sana. Alimngoja Kimya getini mbele ya zamu nzima, akamwamuru afungue mkoba. Alikuwa na hakika atakuta chakula cha mbwa kinakwenda nyumbani kwa mtu. Alikuta chupa tupu ya maji na shati lililokunjwa.

"Unampa nini mbwa wangu?" alimfokea.

Kimya aliinamisha kichwa. Meneja, aliyekuwa akipita, alisema mtu huyo aondolewe kazini kabla ya wiki kwisha. Sote tulikwisha kumhukumu kwa sababu ya ule ukimya wake.

Hapo Kishindo akavuta mnyororo, akaenda kusimama katikati yao, ubavu wake umeegemea magoti ya Kimya. Bi Shaka aliwajua mbwa waliopigwa. Hawaegemei mtu namna ile. Tangu dakika hiyo akaanza kulishuku shaka lake mwenyewe. Alimwomba meneja ampe muda, na Jumapili iliyofuata, mchana, akapanda pikipiki nyuma ya mumewe hadi kwenye ghala bila kumwambia mtu mwingine.

Alikuta geti limefungwa kwa kufuli, na kufuli liko upande wa nje. Ndani, ua mtupu wa saruji ulikuwa unawaka jua. Kishindo alikuwa amelala kwenye ukanda mwembamba wa kivuli kando ya ukuta. Kimya alikuwa amekaa juani, kwa kuwa kivuli kilitosha mmoja tu.

"Maji ya mbwa yako wapi?" Bi Shaka aliuliza kupitia matundu ya uzio.

"Yake yaliisha jana, mama. Leo amekunywa yangu."

"Na bomba lile?"

"Wameling'oa koki. Wanasema walinzi tunachezea maji."

"Nani ana ufunguo wa geti?"

"Mtunza ghala. Hufunga Jumamosi asubuhi, hufungua Jumatatu. Anasema akituacha wazi tutaiba."

"Na moto ukiwaka?"

Kimya alimtazama mbwa kabla ya kujibu. "Tutaungua wote, mama."

Mumewe alikuwa tayari anapitisha chupa ya maji chini ya uzio. Bi Shaka aliuliza kwa nini hakusema siku ile getini. Kimya akajibu kwamba alisema mapema, alipolala huko mara ya kwanza, akaambiwa asiyetaka kazi aseme, wapo wengi wanaoingoja.

Jumatatu Bi Shaka aliingia ofisini kwa meneja na mlango ukabaki wazi, ndiyo maana tulisikia. Meneja alisikiliza, akakuna kidevu, akatoa suluhisho. "Basi, mama, tumwondoe mbwa. Sheria ya mifugo itatubana. Mlinzi abaki."

Bi Shaka akasema maneno ambayo mpaka leo tunayarudia. "Mbwa nimemtetea kwa kuwa hana mdomo. Huyu anao, na nyinyi mmeuziba. Jambo tusiloweza kumfanyia mbwa, tutamfanyiaje mtu?"

Alitoka, akafunga mabanda, akaketi kwenye benchi mbele yake. Siku hiyo hakuna mbwa aliyetoka kwenda lindo lolote. Mimi nilikuwa chumba cha redio, na malindo yote yaliniita kuuliza mbwa wako wapi. Walinzi waliposikia sababu, mmoja mmoja wakaja kuketi pale pale benchini, na benchi lilipojaa wakakaa chini.

Meneja alishuku kwamba mama ametia chumvi. Akaenda mwenyewe kuhakikisha. Mtunza ghala alimkaribisha uani, akamwambia asubiri kidogo, akafunga geti kwa mazoea yake, akaenda kula. Meneja wetu alirudi alasiri, tai mfukoni, midomo imekauka. Hakuhutubia. Aliomba maji, akanywa, akaomba tena. Kabla ya jioni alikuwa ameagiza kwamba hakuna mlinzi wala mbwa wa kampuni hii atakayefungiwa kwa nje, popote.

Tusidanganyane kwamba mambo yalikwisha kwa nderemo. Mteja alituacha, malindo yakapungua, na baadhi yetu tulimnung'unikia Bi Shaka. Cheo cha usimamizi alichokuwa amekaribia kukipata kilipewa mtu mwingine, na yeye akapewa barua ya onyo kwa kugoma. Aliisoma, akaikunja, akaenda kuwalisha mbwa.

Lakini kwanza alifanya jambo lililokuwa gumu kuliko kugoma. Alimsimamisha Kimya pale pale getini, mbele ya zamu ile ile, akamwambia, "Nilikushuku wewe kwa sababu ulikuwa karibu. Mwenye kosa alikuwa mbali, nami nilifanya uvivu wa kutembea. Nisamehe, baba." Kimya akasema yamekwisha. Ndiyo sentensi ndefu zaidi tuliyomsikia akisema mwaka ule.

Tangu hapo Bi Shaka hakuiamini amri iliyobandikwa ukutani. Alisema karatasi haimwagi maji. Aliyatembelea malindo bila taarifa, akatazama bakuli la mbwa, kisha kikombe cha mlinzi, kisha kufuli. Wateja walimchukia. Wengine walitikisa vichwa kukubali kila alilosema, na hao ndio aliowarudia mapema zaidi.

Sasa mabanda anamkabidhi Kimya, ambaye wiki hizi amekuwa akifuatana naye kila mahali. Juzi mlinzi mmoja alirudi na mbwa anayechechemea, na Kimya alikuwa amekwisha kumkazia macho. Bi Shaka alimgusa bega tu. Kimya akavuta pumzi, akampa mlinzi kiti, akamuuliza taratibu, "Wewe mwenyewe, ndugu yangu, umekula?"

Asante, mama, kwa macho yako yasiyolala. Nenda ukapumzike na mzee wako, wajukuu wakuchoshe kwa michezo, afya isikukimbie. Tunakuombea siku njema na nyingi.